Ukungu Kwenye Hadubini ya Shaba

Jumatatu, 6 Mei 1991

Mtu anagusa hadubini yangu. Leo nimehakikisha.

Jumamosi niliifunika kitambaa, nikafunga fundo langu. Asubuhi nimekuta fundo jingine – gumu, la ovyo, la kiume. Na kigurudumu kidogo cha kulengea kimezungushwa mbali kabisa na pale ninapokiacha. Nilipoweka jicho sikuona kitu ila weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nikazungusha weee mpaka chembe za damu zikajitokeza. Hata hivyo hazikutulia.

Maabara hii tuko wawili tu. Mimi, na huyu Dalmas aliyeletwa na Daktari Joram mwezi wa pili, eti kunisaidia. Nani aliomba msaada? Mimi nilikalia kiti hiki Daktari akiwa bado na nywele. Dalmas ana diploma, ana sauti ya upole, na haongei bila kuniita Mama. Mtu mpole namna hiyo ana lake jambo.

Nimemwuliza kama amegusa. Hapana Mama, labda ni upepo.

Upepo! Siku hizi upepo wa Kisumu unafunga mafundo.


Jumatano, 8 Mei

Sasa bomba la hadubini linashuka lenyewe! Unaliweka sawa, unaanza kuhesabu, nalo linateremka polepole mpaka lenzi inagonga slaidi. Slaidi mbili zimepasuka leo.

Hii si kawaida yake. Hadubini hii ililetwa na wamisheni kabla ya Uhuru, shaba tupu, na ugonjwa wake siku zote ulikuwa ugumu. Grisi ya zamani ilikaukia kwenye meno ya gia mpaka kuizungusha kunauma kiganja. Leo ghafla imekuwa laini?

Nikainama nikainusa. Selpha, nesi wetu, aliyekuwa mlangoni akauliza kama nina mafua. Sina mafua. Nilisikia mafuta ya cherehani!

Nikamwita Dalmas. Safari hii hakukana. "Mama, nilikuona unahangaika na hiyo kitu. Nikaweka oil kidogo ya cherehani ya bibi yangu. Sikujua itateremka."

Mwenye diploma hajui! Mafuta mepesi yanayeyusha ile grisi nzito, na grisi nzito ndiyo inayolishikilia bomba lisianguke kwa uzito wake. Nimemweleza yote hayo. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtoto wa madrasa.

Lakini najiuliza. Jumatatu hakugusa, Jumatano aligusa ili kusaidia. Amegusa mara ngapi? Na anasaidia nani?


Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya.

Jana alikuja mama mmoja muuza mboga wa Otonglo, na mtoto wake wa kiume ana homa. Nikatoa damu, nikapaka slaidi, nikasoma, nikaandika: hakuna wadudu wa malaria. Wakaenda na dawa ya kikohozi. Leo mama amerudi mbio, mtoto amelegea begani, macho yamepinduka. Dalmas akachukua slaidi ile ile ya jana. Hakukaa hata. Alisimama tu akainama.

"Daktari, wako wengi sana."

Daktari mwenyewe akawapakia kwenye gari lake kwenda hospitali kubwa. Aliporudi akaniita. Nikamwambia ukweli: bomba linashuka, na aliyelitia mafuta anajulikana. Daktari akakuna kipara. Akasema sawa Mama Rehma, irekebishwe. Lakini ikisharekebishwa, akasema, na jambo hili likitokea tena, nitajua si mashine, na hicho kiti nitampa Dalmas.

Ndiyo hayo! Kiti. Nilijua tangu mwezi wa pili.

Na tazama hili. Jana Dalmas hakuwepo. Alikwenda matanga Asembo Bay. Miezi yote hii hakuna kosa hata moja, siku asipokuwepo ndiyo kosa linatokea. Mtu anatega, kisha anajiweka mbali.

Lakini yule mtoto. Kiatu kimoja kilimdondoka mlangoni wakati wa kumbeba, na bado kipo pale kwa Selpha dirishani. Nimeshindwa kula. Ee Mungu, asife.


Jumamosi, 11 Mei

Mtoto wa Otonglo amekunywa uji! Selpha alipita hospitali asubuhi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini kana kwamba hakuna kitu.

Kazi ilipoisha nikaenda kwa Salim, fundi saa. Nilimwomba grisi nzito na bisibisi ndogo. Aliniambia nimletee hadubini aishughulikie mwenyewe. Nimwachie? Salim ni ndugu katika dini, lakini nimeona saa zikiingia kwake na moyo mmoja zikitoka na mwingine. Nikamwambia nitaifungua mimi. Niliwahi kumwona fundi wa wamisheni akiifanya, hatua kwa hatua, na sijasahau.

Akaniwekea grisi kwenye kijaluba cha wanja. Akaniambia paka kidogo dada, kidogo kabisa, grisi ikizidi inakwenda hadi kwenye lenzi. Chenji akaiweka mezani mbele yangu, nikapapasa kitambaa chote siioni. Akanishikisha mkononi. Anatandika kitambaa cheusi makusudi, wateja wasahau chenji.

Nyumbani nako! Mkwe wangu Swaumu ameanza kuchagua mchele mwenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa yangu. Nimeuliza kwa nini. Mama pumzika tu, umechoka. Mwanangu akadakia kwamba juzi aliuma jiwe. Mchele wa siku hizi una mawe, kosa langu? Leo wananinyang'anya ungo, kesho jiko, keshokutwa nitaelekezwa mlango.


Jumapili, 12 Mei

Nimeifanya! Kwa mkono wangu!

Selpha alinifungulia kliniki baada ya kanisa. Nikatandaza shuka jeupe mezani ili skrubu isipotee, nikavuta meza mpaka dirishani. Kwanza lenzi zote nje, kwenye kisanduku. Kisha bomba lenyewe, likateleza nje na ule utepe wake wa meno. Maskini! Kwenye meno kulikuwa na uchafu wa kijani, mgumu kama nta, na juu yake yale mafuta ya cherehani ya Dalmas yanang'aa. Nikayaloweka kwenye petroli, nikasugua kwa mswaki, nikachokonoa jino moja moja kwa njiti ya kiberiti. Shaba ikaanza kutoka, ya njano, mpya kabisa. Nilijikuta naimba.

Selpha alikaa kunitazama, akinipa vitu. Skrubu moja ilinitoka, nikapiga magoti kuitafuta sakafuni, yeye akaiokota pembeni ya kidole changu. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Yeye na Dalmas wanatoka kijiji kimoja. Sijui wanaongea nini.

Nikakausha. Nikapaka grisi ya Salim, utando mwembamba tu, nikarudisha bomba, nikalizungusha juu chini lienee. Nikakaza zile skrubu mbili za nyuma, kidogo huku, kidogo kule. Kisha nikaliacha juu, nikaondoa mkono.

Halikushuka. Tukanywa chai nzima. Halikushuka! Linakwenda laini kwa kidole kimoja na linakaa pale pale linapoambiwa. Nikamwambia Selpha: kamwambie Dalmas.


Jumanne, 14 Mei

Bomba halijashuka tangu Jumapili. Hadubini ni kama imezaliwa upya.

Lakini ule weupe bado upo.

Nilidhani ni kuvu kwenye lenzi. Huku kwetu ziwani unyevu haumwachi mtu, kuvu inaota hata kwenye viatu. Nikafungua lenzi kubwa, nikaifunga kwenye leso, nikaenda nayo kwa Salim. Akaweka kile kioo chake jichoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Safi kama chozi, dada. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Kisha akakitoa kioo akawa ananiangalia mimi, si lenzi. Nikaondoka bila kuaga.

Niliporudi, Selpha akanivuta kando. Aliongea kwa kunong'ona, nusu Kiswahili, nusu Kijaluo. Kwamba nikienda kuswali adhuhuri, Dalmas husimama kwenye hadubini akisoma upya slaidi zangu zote, kabla karatasi hazijapelekwa kwa Daktari. Kila siku. Jumamosi huzisoma nikishatoka.

"Yawa, Mama, usimkasirikie. Hajamwambia mtu."

Hajamwambia mtu! Kwa hiyo anakusanya. Anayatunza makosa yangu mpaka yafike ya kutosha, ndipo ayamwage mezani kwa Daktari. Basi ndiyo maana ya lile fundo. Ndiyo maana ya kigurudumu kuzungushwa. Jasusi mzima, na mimi namgawia mandazi yangu saa nne!

Leo sikumgawia.


Alhamisi, 16 Mei

Naandikia hapa hapa kazini, juu ya meza ya maabara. Sijawahi.

Zeituni, mjukuu wangu, ameamka na homa. Ana miaka mitatu, ana jina la marehemu mama yangu. Swaumu alitaka ampeleke kwingine. Alisema hivyo hivyo, kwingine, akitazama chini. Nikamjibu vibaya, nikambeba mtoto mwenyewe. Sasa wako nje kwenye benchi, mtoto amelala mapajani kwa mama yake. Kidole nilimtoboa mimi. Hakulia, alinitazama tu.

Dalmas alikuwa ametoka kunywa chai. Nikafurahi, nikasema leo hakuna mkono wa mtu. Nikaweka slaidi. Tone la mafuta juu yake, lenzi kubwa, bomba chini taratibu. Grisi yangu ikatii. Nikatazama.

Maziwa. Chembe ziko ndani yake, zinaelea, na katikati ya chembe sijui kama ni wadudu au ni madoa.

Kuna kipimo ambacho nimewafundisha wanafunzi wote waliopita hapa, na Dalmas nilimfundisha wiki yake ya kwanza. Ukiona uchafu, usibishane nao, ufuate. Zungusha lenzi ya juu. Uchafu ukizunguka, uko hapo. Badili lenzi ya chini. Sogeza slaidi. Geuza kioo cha mwanga. Kitakachosogea na uchafu ndicho kichafu. Na kama hakuna kinachosogea nao, huwa nawaambia, basi kanawe uso! Siku zote hucheka hapo.

Sikuwahi kukifanya mwenyewe juma hili lote. Nilikuwa nafuatilia watu.

Nikazungusha lenzi ya juu. Ukungu haukuzunguka. Nikabadili ya chini, ukabaki. Nikasogeza slaidi, chembe zikaenda, ukungu ukabaki. Nikageuza kioo. Nikainua kichwa, nikatazama dirisha. Ulikuwa pale dirishani. Nikajaribu jicho la kushoto, na huko upo.

Nikanawa uso. Nimenawa mara mbili.

Mama yangu alipoanza kupoteza macho alikuwa akigomba nyumba imejaa moshi, nani ameacha jiko, na jiko limezimwa tangu asubuhi. Alitushuku sote.

Mchele. Chenji ya Salim. Skrubu. Na huyu kijana, kila adhuhuri, amesimama hapa akinisahihishia bila kunyanyua mdomo – isipokuwa siku ile ya matanga. Ningependa kumkasirikia. Nimetafuta hasira na sikuipata. Naogopa, basi. Naogopa sana.

Ningeweza kuandika jibu lolote. Karatasi ipo mbele yangu, jina limeandikwa, Zeituni. Angekuja kuisoma tena nikienda kuswali. Lakini je, leo asipokuja?

Dalmas amerudi. Ananawa mikono. Anauliza kama nimemaliza na hiyo maikroskopu, Mama.

Nimeinuka. Nimemwambia akae.

Hataki. "Hapana, hiyo ni kiti yako, Mama. Mimi nitasimama tu."

Kaa, nimemwambia. Soma, na useme kwa sauti.

Amekaa ukingoni, kama mgeni. Sikumwambia damu ni ya nani. Ameweka jicho, amegusa kigurudumu kidogo, kidogo tu. Bomba halishuki. Kupitia mlangoni namwona Swaumu amesimama, au ni mtu mwingine mwenye buibui.

Dalmas anasogeza slaidi. Nimevuta karatasi ya Zeituni, niandike atakachosema.