Jina Ulilolitoa Ukurasa wa Nne

Mpendwa Mama,

Nakuandikia na sijui kama nimekuja kukulaumu au kukuomba radhi. Mwanzo huu nimeufuta mara tatu. Ungekuwepo ungeshaninyang'anya karatasi ukasema, "Anza na lililotokea."

Lililotokea ni kwamba jarida lako linatoa toleo la kukukumbuka. Vijana wako wa jaridani walikuja hapa mtaa wa Fedha juzi, wakala ugali wakamaliza, wakaniomba niandike barua kwa niaba ya familia. Kichwa cha toleo wameshakichagua: "Mhariri Asiyeogopa Jina." Nilitabasamu mbele yao. Walipoondoka nilikaa jikoni nisijue nishike lipi, kwa sababu kuna jina moja uliloliogopa, na mimi nilikuwepo.

Watu wanakumbuka ulivyoingia pale kama mpiga taipu ukaishia kwenye kiti cha mkurugenzi. Wanakumbuka wiki ile polisi walipobeba nakala zote, ukachapisha upya, na wauza magazeti wakaziuza zikiwa zimefichwa ndani ya magazeti mengine. Mimi nakumbuka prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, ulizotandaza kwenye meza ya kulia, ukatufukuza na sahani zetu tukale kwenye stuli. Nakumbuka penseli yako nyekundu. "Jina likithibitishwa na watu wawili, linaandikwa," uliwaambia maripota wako, hata awe nani.

Halafu Baba akafariki. Mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani alitupa basi lake bure, akasafiri nasi usiku kucha hadi kwetu magharibi mwa nchi, akashika jeneza kwa mikono yake. Miezi michache baadaye ripota wako Otieno akaleta habari ya uwanja wa Kayole uliogawiwa wakubwa, watoto wakafungiwa nje kwa mabati. Majina yalikuwa matano. La tano lilikuwa la Mwenyekiti.

Uliniita mezani. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilipewa jina la mama yake Baba, na kwetu mkamwana hatamki jina la mama mkwe, ndiyo maana tangu nizaliwe uliniita Mama.

"Mama," ukasema, "ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuwahi kusikia sauti yako ikiwa ndogo hivyo. Hadi leo sijui kama uliniuliza mimi au ulimuuliza yule bibi niliyerithi jina lake, aliyelala kaburini. Nilikumbuka lile basi nikajibu haraka, "Mtoe." Ukapitisha penseli.

Jarida lilipotoka, Otieno alikuja nyumbani asubuhi hata chai hajanywa.

"Madam, nilikuletea majina tano. Huyu mzee ameenda wapi?"

"Nafasi haikutosha."

"Nafasi? Na hii tangazo ya sabuni hapa chini je? Aki Madam, umeniangusha vibaya."

Aliacha kazi wiki hiyo. Wenzake walisema alikuwa ameongeza chumvi, nawe hukuwakanusha. Nasikia siku hizi anapiga picha za pasipoti huko huko Kayole. Siku ile ulisimama kwenye sinki ukiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi, na mimi nilitaka kumkimbilia nimwambie ni mimi niliyesema. Sikukimbia.

Sasa nimeipata ile prufu ya ukurasa wa nne, yenye mstari wako mwekundu, kabatini, chini ya sare zako za kanisa. Mbona uliiweka, Mama? Ulitaka nani aione? Ilikuwa shukrani, au uliogopa watu wa nyumbani watatutenga, au ulitafuta tu mtu wa kubeba mzigo nawe? Nakukasirikia, kisha nakukumbuka mpaka nalia, kisha nakasirika tena. Nikiwapa vijana prufu hii, watakuita mnafiki kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Nisipowapa, Otieno atabaki mwongo maisha yake yote.

Na mwezi uliopita, tulipokusafirisha kwenda kulala karibu na Baba, basi lilikuwa la Mwenyekiti tena. "Mama yako alikuwa mtu wetu," aliniambia, akiushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikamwambia asante sana, na niliimaanisha. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Vijana wanakuja kesho kuchukua barua. Nilikusudia iseme kila kitu, ndiyo maana nimeandika hadi mkono ukauma. Sasa nimeisoma toka juu hadi chini. Otieno nimemtaja. Kayole nimeitaja. Yeye nimemwita Mwenyekiti, mwanzo hadi mwisho.

Pumzika, Mama, kama huko kunapumzikika.

Mimi binti yako,
kifungua mimba wako.