Kwa Nini Bibi Yako Haachi Pesa Kwenye Simu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nyololo hatujambo, ukungu tu ndio umegoma kuondoka. Unauliza kwa nini bibi yako huzitoa pesa kwenye simu siku ileile unapomtumia.

Miaka ya uhaba, ukiona foleni ulijipanga kwanza, ukauliza baadaye. Asubuhi moja wanawake wawili walijikinga mvua mlangoni pa chama chetu cha akiba. Watu wakajipanga nyuma yao.

“Dada, kuna nini leo?”

“Sijui, labda sukari.”

Karani kuona umati, akafunga mlango kwa woga. Hapo watu wakadhani pesa zimeisha, kila mtu akataka akiba yake. Pesa nyingi walikuwa nazo wakulima waliokopa za kununulia mbolea. Zilizokuwa kabatini ziliisha bibi yako hajafika dirishani. Chama kikafa, na pesa yake ya cherehani haijarudi mpaka leo.

Juzi nikamwambia, “Mama Tumaini, kwenye simu hakuna foleni.”

“Ndiyo maana naogopa,” akasema. “Nitajuaje wenzangu wameanza kutoa?”

Wewe unayesoma uchumi huko Dodoma, ukipata jibu mpigie mwenyewe. Mimi hanisikilizi.

Babu yako