Boti ya Vuai Chini ya Ghuba

Kengeja, Pemba
12 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Hafidh,

Assalamu alaykum. U hali gani huko Maskati, na wifi na watoto nao? Joto limepungua? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua, lakini uani anakwenda mwenyewe.

Mwezi uliopita walikuja watu wa vipimo kuchora ramani ya ghuba yetu. Wengine walifuata ufukwe na mikoko, wakitia alama maji yanapofika. Wengine walikuwa na boti, inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Ndani mna kifaa kinachopeleka sauti chini, na skrini inaonyesha vilima na mabonde ya bahari.

Kwenye mkondo skrini ikaonyesha umbo la boti. Jabir, anayezamia majongoo ya bahari, akashuka. Akapanda na nanga ndogo, mkono mmoja wa nanga hiyo umeungwa kwa chuma. Shemeji yako Shadya, mke wa Vuai, akaitwa. Aliishika, akasema, "Hiki chuma cha baiskeli yangu. Vuai alikikata bila kuniuliza."

Basi ndugu yetu Vuai hakukimbilia Tanga kuoa, kama watu walivyosema miaka saba hii. Alizama hapa hapa. Mwili haukuonekana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilimsindikiza Shadya kwa kadhi. Akasikiliza mashahidi, akahukumu kuwa Vuai alifariki siku ile ile aliyotoka, na eda huhesabiwa tangu hapo.

"Eda yako imekwisha zamani, mwanangu," akamwambia. "Huna tena la kukalia."

Shadya akajibu taratibu, "Kumbe nilikuwa mjane, na watu wakiniita aliyekimbiwa."

Tukapanda gari, tukarudi.

Watu wa vipimo wamekwenda zao. Kwenye ramani wametia alama ya chombo kilichozama, ili manahodha wapaepuke.

Hitma tumeisoma Ijumaa. Mama alimtaka radhi Shadya mbele ya wanawake wote, maana naye aliyasema yale maneno. Shadya akasema yamepita. Asubuhi yake alizitoa nguo za Vuai, alizokuwa akizifua na kuzikunja kila Ramadhani, akazigawa. Kanzu amepewa Jabir. Hakubakisha hata moja.

Nisalimie wifi Ruweida, Samiha na Abdulnasir. Mama anakuombea dua. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, atukutanishe tungali na afya.

Dadako akupendaye daima,
Mize