Majani ya Mama Feza na Mafigo ya Baba

Mjukuu wangu Chantal,

Mwalimu wako anasema, "Majani hayawezi kulinda figo, huo ni ujinga wa wazee." Mwambie mimi, kambo yako, mzazi wa mzazi wako, nakataa. Sisi huku Lubumbashi ni wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Sasa swali lako, kama nimewahi kuona majani yakitibu figo. Wakati wa Zaire, baba yangu, mfanyakazi wa tanuru la shaba, alivimba uso na miguu. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika dispensari. Nilichemsha mkojo wake juu ya moto, ukawa mweupe kama maziwa, dalili kwamba mafigo yameumia. Muuguzi akamkataza chumvi na kazi. Jirani yetu Mama Feza akaleta majani ya kuchemsha.

"Mama, ile ni majani gani?"

"Unatafuta jina yake ya nini? Ya kuandika ao ya kunicheka?"

"Ya kukucheka," nikajibu.

"Basi baba yako atakunywa, na weye utabakia na kicheko yako."

Baba alikunywa. Baada ya majuma machache mkojo ulichemka ukabaki safi. Aliponywa na majani au na mapumziko? Sijui, na mwalimu wako hajui pia. Mama Feza alihamia Kasumbalesa, akafa huko, na jina la majani sikulipata. Leo nasoma kwamba mimea mingine huenda ikatuliza uvimbe wa mafigo, nami sina cha kupeleka kupimwa.

Wewe na wenzako mnaosomea famasia, nendeni sokoni juma hili. Waulizeni wale wamama wanaouza majani ya dawa kwa heshima, andikeni majina, kisha pimeni kabla ya kumpa mgonjwa yeyote.