Mimi Ndiye Niliyeshika Ngazi

Mwenzangu, nimekwama. Naandika kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika ngazi.

Kile kisanduku cha waifai ulichoniazima nilikichomeka kwenye waya wa ofisi, nikakificha juu ya dari. Bosi hataki kusikia habari za waifai, anasema waya unatosha.

Kumbe kimevuruga mtandao wote. Tangu asubuhi hakuna kompyuta inayofungua kitu. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Sasa fundi yuko juu, kichwa kimezama darini, anafuata waya mmoja mmoja. Na nani ameambiwa ashike ngazi? Mimi. Mimi mwenye mzigo. Nikiiachia, mtu wa watu anavunjika shingo.

Bosi amesimama ubavuni kwangu. Eti, "Afadhali wewe unasaidia." Unasaidia.

Fundi amesema, "Bosi, nimeona kisanduku. Kimeviringishiwa kitambaa."

Kitambaa, mwenzangu. Kile kipande kilichobaki uliponishonea gauni hili nililovaa. Nilifunikia kisanduku, taa zake zisionekane.

Bosi ameuliza, "Kitambaa gani?"

Fundi ameinama, akanitazama, akalitazama gauni.

"Cha maua ya njano," amesema. "Na dada, nakuomba, usiiachie ngazi."