Panya Wembamba na Ini Lako, Baba

Baba,

Naandika nikiwa mezani pale jikoni, nyumbani kwetu Uthiru. Mama amejilaza kidogo. Tangu tukuzike ameacha kwenda kwenye chama chao cha akina mama cha kuweka akiba. Siku ile ya mazishi alipita karibu na hema la wapishi akasikia wanawake wakisema, "Ini haliwezi kuharibika hivihivi. Huyo mzee alikuwa anakunywa, ni vile alijificha." Wewe, Baba, ambaye hata harusini ulimpa jirani glasi yako!

Nilipata ile kazi ya maabara. Nalisha panya na kusafisha vizimba vyao. Najua ungecheka. Wanachunguzwa jinsi chakula kinavyogeuza ini. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida. La pili lilipewa mafuta mengi, wakanenepa hadi wakawa wanajikokota. La tatu lilipewa sukari nyingi, na chakula chao kiliondolewa kirutubisho kinachosaidia ini kutoa mafuta. Hao walikonda. Nilidhani hao ndio walio salama.

Siku Daktari Achieng, mkubwa wangu, alipowapasua, mimi ndiye niliyeshika trei. Ini la panya wa kawaida lilikuwa jekundu. Maini ya wale wembamba yalikuwa yamepauka, ya manjano kama siagi.

"Haya yote ni mafuta," akasema. "Na hawajaonja hata tone la pombe."

Nikaiweka trei mezani. Nilikuona wewe, Baba, ulivyokuwa mwembamba, mshipi umetobolewa tundu za ziada. Nikakumbuka Jumamosi zetu kwenye lile duka la vitambaa mjini ulikofanya kazi, tumekaa juu ya marobota, chakula chetu cha mchana soda na mkate mtamu. "Kula, mami. Sukari ndiyo nguvu." Na mimi nimeendelea kula hivyo hivyo.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Kila asubuhi bafuni nilijibonyeza chini ya mbavu za kulia. Nilijiangalia macho kwenye kioo kama yameanza kuwa ya manjano, kama yako yalivyokuwa. Mara mbili nilifika mlango wa kliniki nikageuka.

Daktari Achieng ndiye aliyeniuliza. "Shiru, kwani ni nini? Siku hizi unaogopa panya?"

Nikamwambia yote. Akasema, "Panya si watu. Siwezi kukuambia babako alikufa na nini. Lakini twende upigwe picha ya ini. Nitakusindikiza."

Picha ilionyesha mafuta yapo kwenye ini langu, Baba. Makovu bado. Nimeambiwa nibadilishe chakula kisha nirudi nipimwe tena. Wale panya wembamba waliobaki tuliwarudishia chakula cha kawaida, na walipokuja kupasuliwa, maini yao yalikuwa yamekaribia kuwa mekundu. Nililia hapo hapo mbele ya vizimba. Lakini panya hula ninachompimia. Mimi, nikitoka kazini nina njaa, ni nani ananipimia?

Jumapili baada ya kanisa nilimweleza Mama. Nilimwambia siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokuua, ila najua sasa kwamba ini linaweza kuharibika bila pombe. Kisha akasema, polepole, "Kwa hivyo hakunidanganya."

Baba, sikujua. Kumbe hata yeye walikuwa wamemtia shaka, na amekuwa akiibeba peke yake.

Sasa hofu yangu ni Njoro. Kaka yangu huyu amechukua mwili wako wote, na kila mchana ni chipsi na soda. Nilipomwambia aende apimwe, alinicheka. "Wacha story za panya, Shiru. Mimi niko fiti."

Nitampeleka. Hata kama ni kumvuta shati mbele ya watu, nitampeleka, na siku hiyo nitaingia kupimwa kabla yake ili aone. Naogopa sana, Baba. Nitaenda hivyo hivyo nikiogopa.

Lala salama. Mama anakusalimia.

Shiru wako