Mama ameazima vitu vya stoo ya kanisa ili aonekane kwenye televisheni

Mpendwa Bi Verna,

Naomba unisaidie, na ukiweza unijibu kabla ya Jumatano ijayo, maana baada ya hapo sijui kama kutakuwa na kitu cha kusaidia. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi Juni, na mimi si mtu wa kusema sana, hata darasani nikiitwa jina nilikuwa nainua mkono tu, kwa hiyo hii ni mara ya kwanza ninamweleza mtu jambo hili lote, na nakuomba usilitaje jina langu wala la mji wetu.

Mama yangu ni mtu wa kuponi. Alianza mwaka ule kiwanda cha matairi kilipofungwa na Baba akakosa kazi, kabla hajapata hii ya lori inayomweka barabarani wiki nzima. Kila Jumapili alikuwa anakusanya zile kurasa za kuponi, vikaratasi vya kupunguziwa bei dukani, zinazokuja ndani ya magazeti, anazikata mezani, anazipanga kwenye faili lake kubwa, halafu anangoja mpaka duka literemshe bei ya kitu kilekile chenye kuponi, ndipo anakwenda, na anatoka na toroli limejaa dawa ya meno na tambi na haradali kwa pesa ambayo mtu mwingine angenunulia mkate. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walikuwa wanasonya. Siku moja mwanamume mmoja alimwambia, "Mama, wengine tunawahi kazini," na Mama akacheka pale dukani, lakini tulipofika kwenye gari alikaa muda mrefu bila kuwasha injini.

Vitu vilipozidi akaanza kuvipeleka kwenye stoo ya msaada ya kanisa letu, na kwa miaka miwili karibu nusu ya rafu za pale zimejazwa na yeye, na hakuna aliyemlazimisha. Nataka ulijue hilo kwanza, kabla hujajua mengine.

Stoo iko chini ya kanisa, unashuka kwa ngazi, na inafunguliwa Jumatano. Tangu nimalize shule nasaidia pale, na Bi Kuchta anayeisimamia alinipa ufunguo, nami sijawahi kuaminiwa na mtu kiasi hicho. Ufunguo wa pili alikuwa nao Bwana Odell, mzee anayefagia kanisa. Anamlea mjukuu wake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kwa hiyo yeye mwenyewe Jumatano anapanga foleni kama wengine ili apate nepi. Kila kitu kinachoingia stoo tunakibandika kibandiko kidogo cha kijani, ili mtu asije akakirudisha dukani kudai pesa.

Bila shaka unakijua kile kipindi cha televisheni cha wanunuzi wa kuponi, ambapo mtu anasukuma matoroli matatu, keshia anasoma kuponi moja baada ya nyingine na bei inashuka mpaka dola chache, halafu wanaonyesha nyumba yake imejaa vitu kama duka. Mama aliwaandikia bila kutuambia, na Alhamisi ya wiki iliyopita akaja mtayarishaji wao, dada mmoja mchangamfu anaitwa Brynn. Mama akamteremsha kwenye chumba cha chini, kwenye rafu alizotengeneza Baba, na nyingi zilikuwa tupu. Brynn akatazama, akasema kwa upole kwamba walitegemea kuona akiba kubwa zaidi, kwamba watazamaji wanapenda ukuta uliojaa, na kwamba yuko mama mwingine huko Indiana ambaye pia wanamfikiria. Kurekodi kungekuwa Jumanne.

Alipoondoka Mama alikaa jikoni, akasema, "Wamekuja kuona akiba, mimi nawaonyesha mbao." Halafu akanitazama, na nikajua anafikiria nini kabla hajasema. Alisema vitu vile vilikuwa vyake kabla ya kuwa vya kanisa, kwamba anaviazima siku chache tu, kwamba Jumanne jioni vitakuwa vimerudi na Jumatano watu watavikuta palepale.

Bi Verna, mimi ndiye niliyefungua mlango. Ilikuwa Jumamosi mchana, mji mzima uko barabarani kutazama gwaride la zimamoto, ngoma zinasikika mpaka ndani ya stoo, na sisi tunabeba makasha kupitia mlango wa nyuma mpaka kwenye gari. Tulichukua vya Mama, na pale tuliposhindwa kukumbuka kipi ni cha nani tulichukua tu. Nepi tulizichukua zote kwa sababu Mama alisema pakiti kubwa zinajaza ukuta haraka. Siku ile na Jumapili nilibandua vibandiko vya kijani kwa mashine ya kukaushia nywele, maana vikipata joto vinatoka bila kuacha alama, na Mama alikuwa anavipanga vitu lebo zikiangalia mbele, anaimba.

Jumatatu Brynn akapiga simu. Kurekodi kumeahirishwa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia Mama basi turudishe kabla ya Jumatano, akasema nimechanganyikiwa, kwamba tukirudisha tutavitoaje tena, na kwamba watu hawatakufa kwa wiki mbili.

Jana ndiyo ilikuwa Jumatano. Bi Kuchta aliwasha taa akasimama katikati ya rafu, kisha akaenda kukagua mlango. Kufuli lilikuwa zima, mlango haukuvunjwa. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni hadi kwenye ngazi, na Bwana Odell alikuwa wa nne au wa tano, kofia mkononi. Bi Kuchta alimwendea, na sidhani alikusudia watu wasikie, lakini pale chini sauti inavuma.

"Odell, nipe ule ufunguo. Mpaka tujue."

Yeye akamtazama tu. Hakuuliza tujue nini. Akatoa shada lake la funguo, na kile kipete kilikuwa kigumu, akahangaika nacho kwa kucha kwa muda mrefu, na watu wote tukitazama, na mimi nilikuwa naubana wangu mfukoni mpaka ukanichora kiganja. Akaukabidhi. Halafu akauliza, "Na nepi je, hazipo hata za saizi nyingine?" Bi Kuchta akasema hakuna. Bwana Odell akavaa kofia akapanda ngazi, na mama mmoja kwenye foleni akasema, "Na ndivyo anavyojifanya mnyenyekevu." Mimi sikusema neno.

Jioni nilimweleza Mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimempata. Kisha akasema Brynn amebuni mwisho mzuri wa kipindi: baada ya kuonyesha akiba, Mama atapeleka toroli la vitu kanisani, na mtu mmoja mwenye shida atavipokea mbele ya kamera na kushukuru, na yeye Mama amekwisha kutoa jina la Bwana Odell, kabla hata ya jana. "Atapata zaidi ya alichokosa," alisema, "na mji mzima utamwona anapewa. Nani atakumbuka ufunguo?" Nikasema yeye atakumbuka. Mama akakaa chini, akanishika mkono. "Mwanangu, miaka yote hii watu wamenisonya na mkasi wangu. Niache nionekane mjanja mara moja tu."

Na mimi nina sentensi yangu. Brynn aliniandikia, natakiwa kusema mbele ya kamera, "Mama yangu hawezi kumwona mtu akikosa." Nimeifanyia mazoezi bafuni na sauti haitoki, na nilipomwambia Brynn kwa simu kwamba mimi nina haya, akacheka akasema haya inapendeza sana kwenye televisheni.

Nikisema ukweli, nimemuua Mama mbele ya watu walewale aliotaka wamheshimu, na Baba atarudi akute nyumba haina amani. Nikinyamaza, Bwana Odell atasimama pale amshukuru mtu aliyemfanya aitwe mwizi, na mimi nitakuwa pembeni nasema sentensi yangu. Nifanye nini?

Mimi mwenye ufunguo


Binti mwenye ufunguo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu hili nimekutumia kwa barua pepe saa ileile. Gazetini litatoka baadaye, na majina yote nimeyabadilisha.

Nianze na pole, kwa sababu maneno makali yanakuja. Umebebeshwa mzigo wa mtu mzima na mtu mzima unayempenda, na hilo ni gumu. Tena mama yako si mtu mbaya. Mtu mbaya hajazi rafu za wengine miaka miwili bila kupigiwa makofi. Amechoka kudharauliwa, na uchovu huo ninauelewa vizuri.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza uchague ipi kati ya aibu ya mama yako na aibu ya Bwana Odell, kana kwamba zote mbili bado zinangoja. Ya Bwana Odell imekwisha kutokea. Tangu jana mzee yule anatembea mjini na jina la mwizi, na kila asubuhi unayoamka ukinyamaza unamwongezea. Usiniambie kuhusu haya yako. Wewe si mwenye haya, siku hizi wewe umejificha, na haya ni jina zuri ulilolipa maficho yako. Kufungua mlango uliweza, gwaride likipita. Hukuhitaji sauti siku ile.

Na mama yako, kwa kuwa najua utamsomea: mama, ulikiita kuazima. Anayeazima huomba. Kitu ukishakitoa si chako tena, hata kama unakumbuka kuponi uliyokinunulia. Ulimtaja mzee huyu kwa watu wa televisheni kabla hajasingiziwa, sawa, hukujua. Leo unajua. Ukimweka mbele ya kamera akushukuru kwa nepi za mjukuu wake mwenyewe, hutaonekana mjanja. Huenda wageni wa mbali wakadanganyika kwa nusu saa, lakini binti yako atakuwa amesimama hapo hapo, na yeye utaishi naye.

Hivi ndivyo mtakavyofanya. Leo jioni, binti, mwambie mama yako kwamba kesho asubuhi unakwenda kwa Bi Kuchta, aje au asije. Usimwombe ruhusa, mpe nafasi. Akija, aseme yeye kwanza, maana wazo lilikuwa lake. Asipokuja, sema sehemu yako na wazo lilikuwa la nani, bila kulia na bila kueleza sana. Ufunguo wako uweke mezani wakati unasema. Usitegemee kurudishiwa.

Mkitoka hapo nendeni kwa Bwana Odell na nepi zote mlizonazo za saizi ya mtoto yule. Semeni mlichofanya, ombeni radhi, muondoke. Msikae kusubiri awaambie hakuna neno. Huenda kwake ni neno, na ana haki hiyo. Kisha mwombe Bi Kuchta jambo moja: Bwana Odell arudishiwe ufunguo wake Jumatano kabla foleni haijaingia, pale chini ambapo sauti inavuma, mbele ya yule mama mwenye mdomo mrefu. Alinyang'anywa mbele ya watu, arudishiwe mbele yao. Na watu waambiwe kwa nini.

Sasa kipindi. Mama, mpigie yule dada umwambie rafu zako ziko nusu tupu na zitabaki hivyo. Mteremshe tena chini kama anataka, mwonyeshe zile mbao, umweleze vitu vilikokwenda kwa miaka miwili. Akiona hiyo si habari, aende zake Indiana. Mimi nimetazama kile kipindi chao mara nyingi, nimeona kuta zilizojaa mpaka nikachoka, na sijaona hata mmoja anayewaonyesha rafu tupu bila kuona haya. Ungekuwa wa kwanza, na ungekuwa husemi uongo.

Binti, ile sentensi uliyoandikiwa usiitupe. Itakuwa kweli siku utakapoweza kuisema Bwana Odell akiwa anasikiliza, na siku hiyo hutahitaji kufanya mazoezi bafuni.

Vilivyobaki vyote virudi stoo kabla ya Jumatano. Na vile vibandiko vya kijani ulivyobandua kwa mashine ya nywele, mwombe Bi Kuchta karatasi mpya, ukavibandike upya wewe mwenyewe, kimoja kimoja, mchana, mlango wa mbele ukiwa wazi.

Bi Verna